Maswali na Majibu: Nimerefusha foki ya nyuma, sasa ina ufa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mtu wa boda hapa Chavakali. Siku za soko nateremsha ndizi hadi Kibuye, Kisumu, na jioni narudi na unga na sukari. Pikipiki ilikuwa inainuka mbele nikipanda mlima wa Riat na mzigo, kwa hivyo nikaipeleka kwa fundi akarefusha foki ya nyuma, ile mikono miwili inayoshika gurudumu, kwa inchi 4. Alikata nyuma ya masikio ya shoki, pale shoki zinapofungwa kwenye foki, akaunga bomba, akachomelea. Kutoka bolti ya foki, ile inayoishika kwenye fremu, hadi ekseli ilikuwa milimita 480, sasa ni 580. Shoki zimebaki pale pale, milimita 440 kutoka kwenye bolti, na zimesimama karibu wima. Mbele haiinuki tena, lakini nyuma inalala sana, cheni inaruka nikiwa gia ya kwanza mlimani, na juzi nimeona ufa mwembamba chini ya bomba la kushoto, usawa wa sikio la shoki. Fundi anasema atauchomelea ufa huo, kisha akate sproketi ya meno 48 kutoka kwenye bamba la chuma ili injini isihangaike. Cheni ni 428, mbele meno 14, nyuma 42. Nimruhusu?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Usimruhusu auchomelee ule ufa, na usibebe tena mzigo wala abiria kwa foki hiyo hadi ibadilishwe. Hayo mawili ufanye leo. Mengine yote tutayazungumza polepole.

Nia yako ilikuwa sahihi. Ekseli ikirudi nyuma, sehemu kubwa zaidi ya mzigo hukaa mbele yake, na gurudumu la mbele hutulia chini. Ndiyo maana Riat haikuinui tena. Shida iko mahali mkato ulipofanyiwa, na kwa bahati nzuri vipimo ulivyonitumia vinaionyesha wazi.

Gurudumu linasukuma juu kutoka kwenye ekseli, shoki inasukuma chini. Kipande cha bomba kilicho kati ya shoki na ekseli ndicho kinachobeba ubishi huo. Zamani kilikuwa na milimita 40 tu, yaani 480 toa 440. Sasa kina 140. Kwa mzigo ule ule, nguvu inayolikunja bomba pale kwenye sikio la shoki imekuwa mara tatu na nusu ya ile ambayo kiwanda kiliitengenezea foki hiyo. Na hapo kwenye sikio ndipo foki nzima hukunjwa zaidi. Ukienda mbele kuelekea bolti nguvu hiyo inapungua hadi inaisha. Upande wa chini wa bomba ndio unaovutwa, kwa hivyo ufa wako umetokea hasa pale ambapo ungetarajiwa. Fundi akiujaza leo, chuma cha kando ya weldi kitaendelea kuvutwa vile vile na ufa mwingine utaanza pembeni yake.

Kulala kwa nyuma kunatoka kwenye chanzo hicho hicho. Gurudumu limepata mkono mrefu wa kuishinda shoki. Ugumu unaousikia kwenye gurudumu hufuata uwiano wa masafa mawili kutoka kwenye bolti, ya shoki na ya ekseli, ukizidishwa kwa wenyewe. Zamani 440 kwa 480 ilikupa karibu 0.84. Sasa 440 kwa 580 inakupa karibu 0.58. Umepoteza kama asilimia 31 ya ugumu wa springi bila kugusa springi. Watu wengi hapa hukimbilia kununua shoki nzito zaidi. Nyuma itainuka, ni kweli, lakini ile milimita 140 itabaki na foki itaendelea kupasuka.

Dawa ni kukata mbele ya masikio ya shoki, si nyuma yake. Tafuta foki nyingine isiyo na ufa wala kutu ya ndani, ile ya sasa usiitumie tena. Ikatwe kati ya bolti na masikio ya shoki, pale nguvu ya kukunja ilipo ndogo. Ukiongeza milimita 100 hapo, masikio ya shoki yanarudi nyuma pamoja na ekseli: shoki itashika kwenye 540, ekseli 580, na katikati yao milimita 40 kama ilivyotoka kiwandani. Shoki itainama kiasi kwa sababu juu yake haijasogea. Ikiwa na urefu wa milimita 330, itaongeza mlalo wa digrii kama 18, na nyuma itashuka milimita 15 hivi. Shoki ndefu kwa milimita 20 inarudisha kimo. Ugumu utapungua kwa chini ya asilimia 10, na kulala kunakoletwa na hilo unakufidia kwa kukaza springi hatua moja.

Kuhusu kazi yenyewe, nakuomba usimame hapo fundi akiifanya. Bomba la kuongeza liwe na upana na unene ule ule wa ukuta kama la foki. Asitumie bomba la maji lenye zinki. Unene wake hauoani na lako, na moshi wa zinki humletea mchomeleaji homa na kutetemeka usiku. Ndani ya kila kiungo aingize kipande cha chuma kinachobana vizuri, kipite angalau milimita 60 kila upande. Mkato uwe wa mshazari, usiwe wima, ili weldi isikae yote kwenye mstari mmoja. Atoboe matundu mawili kila upande wa kiungo na kuyajaza, ndipo kile cha ndani kishikane na bomba. Kabla ya kuchomelea, foki ifungwe kwenye jigi, fremu ya kuishikilia isipinde, ikiwa na bolti yake na ekseli yake, maana weldi ikipoa huvuta chuma. Achomelee kidogo kushoto, kidogo kulia, kwa zamu, na asimwagie maji. Bushi za mpira zitolewe kwanza. Kisha aongeze bomba la kuvuka kati ya mikono miwili, mbele ya tairi, kwa sababu cheni inavuta upande mmoja tu na foki ndefu hujisokota kwa urahisi. Kazi ikiisha, pima kutoka katikati ya bolti hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Tofauti isizidi milimita 1.

Sasa breki, ambayo hukuitaja, na mimi ndiyo inayonipa hofu kuliko sproketi. Unateremka Riat na ndizi. Kile chuma kinachozuia sahani ya breki isizunguke, ile steya, kimeshika kwenye sikio la foki. Kama sikio hilo litakuwa mbele ya mkato mpya, steya lazima irefushwe, na irefushwe kwa chuma kimoja kizima kipya, isiungwe kwa weldi. Ikikatika, sahani huzunguka na gurudumu hufunga ghafla ukiwa mwendoni. Fimbo ya breki nayo itahitaji urefu mpya, ikiwa na uzi wa kutosha kwa nati ya kurekebisha.

Cheni inaruka kwa nini? Hukusema ilirefushwaje, lakini inchi 4 ni nafasi 8 za cheni ya 428, ambayo kila pingili yake ni milimita 12.7. Ukihesabu juu na chini unapata pingili 16 za ziada. Kama zilitoka kwenye cheni mpya zikaungwa na ya zamani, hazitakaa sawa kwenye meno hata kidogo. Pima pingili 20 ikiwa imevutwa: mpya ni milimita 254, na ikifika 259 tupa. Nunua cheni nzima ndefu na sproketi zake mbili. Ukiona meno yameliwa upande mmoja tu, gurudumu limekaa mshazari.

Kwa meno 48 sikubaliani na fundi wako. Kutoka 42 hadi 48 unapata nguvu ya kuvuta zaidi ya asilimia 14, lakini kwa mzunguko ule ule wa injini kasi inashuka kwa asilimia 12.5, na barabara ya Kakamega haina kilima peke yake. Anza na meno 13 mbele na 42 nyuma. Inakupa karibu asilimia 8 kwa bei ndogo, ila angalia cheni isisugue foki juu. Ile ya mbele usichongeshe kamwe, kwa sababu ya meno yake ya ndani yanayoshika shafti.

Ukishindwa bado, ya nyuma inaweza kutengenezwa, lakini si kwa bamba laini lolote. Chuma laini huliwa na cheni haraka mno. Chuma cha springi ya lori nacho kikizimwa, yaani kikipoezwa ghafla kikiwa cha moto, bila kulainishwa tena huvunjika meno. Omba chuma cha kaboni ya wastani, C45 au EN8 inayokaribiana nayo, kipunguzwe hadi unene wa karibu milimita 7. Kwa meno 48 duara linalopita katikati ya rola ni milimita 194.2, na kila jino linapata digrii 7.5. Zipimwe zote kutoka katikati kwa kichwa cha kugawanya, kifaa cha karakana kinachogawa duara kwa digrii sawa. Fundi akipima jino kutoka jino lililotangulia, kosa dogo hujumlishwa na jino la mwisho halifiki mahali pake. Meno peke yake ndiyo yapashwe moto hadi sumaku iache kushika na kupita kidogo, yazimwe, kisha yapashwe tena polepole hadi rangi ya nyasi kavu. Kati ibaki laini.

Slaki ya cheni, yaani ulegevu wake, iweke ukiwa na mtu ameketi, pale bolti ya foki, ekseli na sproketi ya mbele zinapokaribia kuwa kwenye mstari mmoja, kwa sababu hapo ndipo cheni hukaza zaidi. Beba nusu ya mzigo kwa wiki ya kwanza, ukiangalia kila jioni chini ya viungo vipya na chini ya masikio ya shoki kwa tochi na kitambaa kikavu.