Wananchi na kodi ya sigara

Si kweli, ndugu, kwamba hakuna wananchi waliowahi kukubali kodi ya kugharimia kampeni za kuwaepusha vijana na sigara. Huko California, Marekani, wapiga kura waliidhinisha mwaka 1988 nyongeza ya senti 25 kwa kila pakiti, na asilimia 20 ya fedha hizo ikatengewa elimu ya afya, shuleni na katika jamii. Mwaka 2016 wakaongeza dola 2 nzima kwa takribani asilimia 64 ya kura, ingawa sehemu kubwa ya fedha hizo za pili ilielekezwa kwenye matibabu. Tahadhari ni kwamba kwetu Tanzania ushuru wa bidhaa hupangwa bungeni, si kwa kura ya wananchi, hivyo matokeo ya kule hayapimi msimamo wa watu wa Moshi. Sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini hapa karibu na stendi, nilipo na kibanda, sigara huuzwa moja moja pembeni ya karanga na pipi, na mnunuzi haulizwi umri.