Kulifufua lori la GMC la 1/35

Kaka, hiyo modeli ya plastiki ya GMC CCKW (lori la jeshi la Marekani la Vita Kuu ya Pili, hapa likiwa dogo mara 35) uliyorithi ikiwa imepakwa rangi nene bado inafufuka. Asetoni usiiguse, itayeyusha plastiki. Kama rangi ni ya akriliki, loweka kwenye spiriti, mbali na moto, kisha sugua kwa mswaki laini.

Utamu wenyewe uko kwenye turubai. Chovya karatasi ya shashi kwenye gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, ilaze juu ya matao ya waya ingali mbichi, mikunjo itajitengeneza.

Kutu wengi wanazidisha. Malori ya Red Ball Express, misafara iliyopeleka mahitaji kwa majeshi ya Washirika, Ufaransa 1944, hayakuwa makuukuu. Yalichoshwa na mwendo. Weka matope chini ya madigadi, vumbi kwenye kioo, ukiacha nusu duara safi ya waipa.