Muulize Karani: Leso ya mkwe na ujumbe wa saa sita usiku

Vijana wanaiita kazi hii vi-ei (VA), yaani msaidizi wa mbali wa mtandaoni. Mimi nasema ukarani, maana ndiyo kazi yenyewe: kujibu, kuandika, kukumbusha, kutunza daftari la mtu mwingine. Huu ni mwaka wa sita naifanya nikiwa chumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, dirisha wazi, feni juu. Barua za mwezi huu ni tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu yamenipata mimi mwenyewe.

*Dada Karani, nina miezi saba najibu WhatsApp ya duka la leso (kanga) Barabara ya Biashara. Mwenye duka ni rafiki ya mama, namwita Ma'mkubwa. Tulipatana 8,000 kwa mwezi, kazi ikiwa kujibu wateja tu. Sasa napiga picha za mzigo mpya, nadai madeni, natafuta bodaboda, na saa sita usiku napata ujumbe: "Mwanangu, uko macho?" Wateja wengine wananitumia pesa kwa namba yangu kisha mimi nampelekea. Nikitaka kutaja nyongeza, mdomo unakuwa mzito. Nifanyeje? — Mchovu, Kisauni*

Mwanangu, umeitaja pesa mwishoni kama jambo dogo. Mimi naanza na hiyo. Leo, kabla ya magharibi, acha kupokea hata shilingi ya mteja kwa namba yako. Najua huibi. Lakini hebu fikiria una deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaojilipa pesa ikiingia, la 600, umelikopa juzi kununua tokeni za stima. Mteja anatuma 1,400 za leso. Zile 600 zimelambwa kabla hujafungua ujumbe, na Ma'mkubwa anangoja 1,400 zake. Sasa wewe ni mdeni wa rafiki ya mama yako, na hukununua hata kitambaa. Namba ya till ya duka iwe ndiyo inayotumwa kwa kila mteja, na ujumbe wa malipo uingie kwa simu ya Ma'mkubwa. Mteja akikuletea picha ya ujumbe wa M-Pesa, mshukuru, kisha muulize Ma'mkubwa kama pesa imeingia. Picha ya skrini si pesa.

Pili, chukua daftari la shule, la karatasi, na kwa siku saba andika kila ujumbe unaojibu. Utakuta zaidi ya nusu ni maswali yaleyale: bei gani, mko wapi, mnatuma Nairobi, na lile kubwa la wanunuzi wa leso, "ina jina gani?" Leso ina pindo, ina mji wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, na asiyejua jina hajui anachonunua. Wewe unapiga picha, leso imekunjwa vizuri, rangi zinawaka, na jina limejificha ndani ya mkunjo. Kila mteja lazima akuulize. Wajibuje usichoke?

Nikusimulie aibu yangu. Mwaka wangu wa kwanza nilimfanyia kazi mama mmoja muuza leso, na oda nilikuwa naziandika kwa rangi: "nyekundu, ya korosho, doti moja". Mteja mmoja wa Tudor alichagua leso yenye jina "Wema hauozi" ya kumpelekea mama mkwe wake. Mzigo mpya ulikuwa umefika na nyekundu ya korosho nyingine, pindo lilelile, mji uleule. Nikamwambia kijana wa dukani afunge ile nyekundu, bodaboda akaondoka nayo. Saa nane mchana simu ikalia. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya taratibu, na hiyo ndiyo iliyonitisha: "Karani, umenitukania mkwe?" Leso iliyofika iliandikwa "Hasidi hana sababu". Bibi yule alikuwa ameifungua mbele ya wageni.

Jioni ile mimi na mwenye duka tulikwenda Tudor wenyewe, na doti nyingine na ratili ya halua. Mama mkwe alicheka, Mungu amjaalie. Mkaza mwana hakucheka hata kidogo.

Tangu siku hiyo jina la leso naliandika kwanza, mbele ya rangi na bei, kwenye katalogi ya WhatsApp Business na kwenye daftari la oda. Fanya hivyo wewe pia. Mpigie Ma'mkubwa picha mbili za kila leso, moja imekunjwa na moja imefunuliwa jina lisomeke. Yale maswali mengine yaandikie majibu ya haraka, yamo ndani ya programu hiyohiyo. Unaandika alama ya mkwaju na neno moja, jibu zima linajitokeza. Wateja waliolipa wape lebo yao, wanaongoja mzigo yao. Saa utakazookoa utaziona wiki ya kwanza.

Sasa ujumbe wa saa sita usiku. Nadhani unamwelewa vibaya Ma'mkubwa hapo. Mchana kutwa yuko dukani na wateja, jioni ana wajukuu, na nyumba ikitulia baada ya isha ndipo anapokumbuka kwamba mtu wa Malindi hajatumiwa mzigo. Anataka kulitua jambo kichwani alale. Mwambie akutumie ujumbe wa sauti wakati wowote, nawe utausikiliza saa mbili asubuhi na kumjibu kabla ya saa tatu. Ukitimiza ahadi hiyo siku kumi mfululizo, "uko macho?" itakufa yenyewe. Ukiivunja mara moja tu, itarudi.

Na nyongeza: usiiombe kwa mdomo mtupu. Nenda na daftari lako la siku saba. Tena nenda peke yako, usimchukue mama, maana mama akiwepo mazungumzo yatageuka ya mapenzi na chai, nawe utatoka na sahani ya kaimati. Kabla ya kwenda, mwandikie hivi:

"Assalaam aleikum Ma'mkubwa, umeamkaje? Nimeandika kazi zote za wiki hii. Tulipatana kujibu wateja kwa 8,000. Zimeongezeka picha, madeni na mambo ya bodaboda. Nakuomba uchague: nibaki na wateja tu, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, au nichukue pia picha na bodaboda kwa 15,000. Madeni naomba uyashike mwenyewe, wewe wanakuheshimu. Nije lini tuongee?"

Hilo la madeni nalisisitiza. Mtu mzima hapendi kudaiwa na mtoto wa jana, na mwenye kuchukiwa ni wewe, si duka. Na Ma'mkubwa akichagua la kwanza, basi picha uziache kweli. Usiendelee kuzipiga kwa huruma.

*Dada, kuna mwenye duka dogo la sabuni Uingereza anataka nimpangie barua pepe na miadi. Anasema atalipa mwisho wa mwezi. Huku kwetu stima haina ahadi. Na saa zao zinanichanganya. — Wa Ng'ambo, Likoni*

Usisubiri mwezi. Omba kazi ya wiki moja, ilipwe nusu mbele, nusu ukimaliza. Mwenye biashara ndogo mwenyewe anaujua huo utaratibu kwa sababu wauzaji wake wanamfanyia hivyohivyo. Akikulipa kwa PayPal, tangu 2018 unaweza kuzitoa mpaka M-Pesa, ila angalia makato na bei ya kubadilishia kabla ya kumtajia ujira wako. Na akitokea mwingine anayekutaka wewe umlipe kwanza "ada ya usajili" ndipo upewe kazi, huyo ni mwizi, mfungie.

Stima: nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilitua hapa Mombasa mwaka 2009, intaneti nyingi ya nchi inapitia mlangoni petu, na bado stima ikikatika rauta inalala. Weka bando kwenye simu ya pili na pawabenki iliyojaa, na umweleze mteja mapema kwamba hutokea. Anachotaka ni kujua.

Saa: sisi tumewatangulia saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa joto lao. Wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Saa tatu asubuhi ya kwao ni saa sita mchana hapa wakati wa baridi, na saa tano wakati wa joto. Miadi yote iandike kwa saa za kwao, uache kalenda ikugeuzie.

*Bi Karani, mimi napika mahamri, viazi vya karai, na pilau ya shughuli. Oda zimenizidi. Nataka mtoto wa dada yangu anisaidie kujibu simu, lakini simu hiyohiyo ndiyo ya M-Pesa yangu, na roho haitaki kumpa. — Mpishi, Majengo*

Roho yako iko sawa, usimpe. Wala huna haja. WhatsApp inakubali kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yako. Fungua mipangilio, gusa vifaa vilivyounganishwa, kijana wako aje na simu au kompyuta yake, wewe uskani kwa simu yako ile alama ya miraba inayotokea kwake, basi. Yeye atajibu akiwa kwao, simu yako itabaki mfukoni mwa buibui. Siku mkikosana unamtoa kwa kubonyeza mara moja. PIN ya M-Pesa usimtajie hata ukiwa na unga hadi viwikoni.

Mwambie pia kwamba namba na nyumba za wateja wako si mali yake ya kuwatangazia biashara nyingine. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwepo, mtu aliyeagiza pilau ya hitima hataki kutumiwa matangazo ya mikopo.

Jambo moja ukae naye mlifanye pamoja siku ya kwanza. Watoto wa siku hizi kalenda zao zinasoma saa za Kizungu. Mteja akisema "pilau ifike saa saba", kijana ataandika 7:00, na kengele italia saa moja, ya asubuhi au ya jioni, wakati watu walitaka kula baada ya swala ya adhuhuri. Mwambie aandike 13:00, kisha pembeni, kwa maneno, "saa saba mchana", na amrudishie mteja ayasome mwenyewe kabla hujaosha mchele.