Jibu: Wahehe walishindaje Lugalo?

Mkuu, umeuliza Wahehe waliwezaje kushinda Lugalo, karibu na Iringa, ilhali Wajerumani walikuwa na rashasha, zile ambazo wazee waliziita bombomu. Tarehe 17 Agosti 1891 msafara wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, ulikuwa njiani, umejinyoosha mstari mrefu kati ya vichaka, silaha nzito zikiwa mizigoni. Rashasha ya Maksimu hupiga risasi kama 600 kwa dakika, lakini kwanza lazima isimamishwe kwenye miguu yake, itiwe maji ya kupozea mtutu, mkanda wa risasi upachikwe. Wahehe walijificha karibu kabisa na njia, hawakuwapa nafasi hiyo. Mikuki iliwafikia ndani ya dakika chache, na Zelewski mwenyewe akauawa.

Mahenge, 30 Agosti 1905, ilikuwa kinyume. Rashasha mbili za Wajerumani zilishategwa bomani, na wapiganaji wa Majimaji, walioasi utawala wao, wakaja kwa maelfu mahali peupe, wakiamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Waliuawa kwa mamia. Naumia kila nikisoma habari hiyo, maana ujasiri wao haukuwa pungufu ya ule wa Lugalo. Ila usiihesabie rashasha vifo vyote vya Vita ya Majimaji: wengi zaidi walikufa kwa njaa, baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala.