Pafyumu Yako Huenda Haijaharibika, Mdogo Wangu

Wiki hii kaniandikia binti wa Sengerema. Kanunua pafyumu mjini Mwanza, pale Makoroboi. Muuzaji kampulizia kwenye kikaratasi, kikanukia limau na iliki, akalipa. Kufika nyumbani, anasema, mkono unanuka kama chumba cha daktari wa meno. "Dada, nimeuziwa feki?"

Sidhani. Hiyo ni karafuu. Mafuta yake yana kemikali iitwayo eujenoli, ambayo madaktari wa meno huitumia tangu zamani, ndiyo maana pua yako ikakimbilia huko.

Manukato ya viungo na miti hayajifunui kwa mkupuo. Vile vyepesi, limau na jamii yake, huruka mapema. Dakika 15 hadi 30 vimekwenda. Hapo mdalasini, karafuu na kungumanga hushika usukani kwa saa kadhaa, na hicho ndicho kipindi watu wanachokimbia. Vizito huja mwisho: msandali, udi, vanila. Hivyo hung'ang'ania ngozi mpaka usiku, na kwenye nguo hata kesho yake. Ukijipulizia upande wa mjini ukapanda kivuko cha Kamanga, ukishuka ng'ambo limau limeshakuaga, na msandali bado uko njiani.

Mimi kipindi hicho cha karafuu kiliniletea maneno. Ofisi moja niliyofanya kazi, msimamizi wangu alifungua dirisha nilipoingia, akauliza mbele za watu nani kaleta uganga. Wakacheka. Sijasahau waliocheka. Mchana, tumeshakula, huyohuyo kapita mezani kwangu, kasimama, kauliza nini kinanukia vizuri hivyo. Nikamjibu: uganga.

Sikubadilisha pafyumu. Leo nikienda harusini, hata kina mama wa pwani waliokulia kwenye moshi wa udi hunivuta pembeni kuniuliza najipaka nini. Nasema bila haya, Mwanza hii tunaonukia hivi ni wachache.

Kwa hiyo, subiri. Usinunue kwa kikaratasi, maana karatasi haina joto wala mafuta ya mwili. Pulizia mkononi, toka dukani, zunguka mjini (si Mwaloni penye dagaa, tafadhali), unuse tena baadaye. Usisugue mkono kwa mkono. Joto la kusugua huharakisha kuondoka kwa vile vyepesi. Ngozi ikiwa kavu, tangulia kupaka mafuta yasiyo na harufu, maana ngozi kavu haishiki manukato. Halafu subiri. Ndiyo, nimerudia makusudi.

Tatizo letu siku hizi tunataka kila kitu kitupendeze mlangoni. Mchumba, kazi, pafyumu, vyote tunavipima dakika ya kwanza. Mtu akiona hajisikii harufu, anajimwagia tena, kumbe ni pua yake tu imeizoea, na abiria wote wa daladala ya Buzuruga wanakohoa. Jamani, tuhurumiane.

Wewe wa Sengerema, kesho asubuhi jipulizie mara mbili, usiongeze hata ukishawishika. Jioni vua blauzi uinuse kwenye kola. Ukikuta mti, chupa ni yako. Usipokuta kitu kabisa, hapo sasa chukua risiti urudi Makoroboi, na usiende peke yako, maana wale jamaa wanajua kubishana.