Kadi ya chipu mbili: nisikilize kabla hujatuma hela Kariakoo

Juzi kijana mmoja wa Nachingwea aliniandikia: "Kaka shikamoo. Hela za korosho zimeingia, mzee amekubali nijenge kompyuta ya kuediti harusi na kucheza gemu. Kuna jamaa Kariakoo ana R9 295X2, ile kadi ya kuchorea picha za kompyuta (graphics card) ya chipu mbili. Anasema ilipotoka ilikuwa zaidi ya milioni 2, mimi ananiachia kwa robo. Nichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Usichukue. Na kwa kuwa swali hili ndilo lililovunja urafiki wangu na mtu niliyemwona kama ndugu, nitakujibu kwa kirefu.

Mwaka 2014 mimi na mwenzangu tulikuwa na studio ya video hapa Mtwara, Chikongola. Ndio mwaka ambao kampuni mbili zinazotengeneza kadi hizi, AMD na NVIDIA, zilikuwa zikikomoana. Aprili AMD wakatoa hiyo R9 295X2 kwa dola 1,499. Mei NVIDIA wakajibu na GTX Titan Z kwa dola 2,999, karibu shilingi milioni 5 kwa kiwango cha wakati ule, hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Mwenzangu akawa hapati usingizi. Kila saa ni chipu mbili, chipu mbili, eti tukiwa nayo hakuna studio ya Mtwara wala Lindi itakayotusogelea.

Mimi nikashika kalamu. Kipimo changu kilikuwa kimoja na hadi leo sijapata kingine: chipu hizo hizo, kila moja ikiwa kwenye kadi yake, mbili ni bei gani? Chipu za 295X2 zilikuwa za R9 290X, iliyotoka kwa dola 549. Mbili ni 1,098. Sawa, ile ilikuja na mfumo wake wa kupoza kwa maji, sehemu ya ziada tuseme imekwenda huko. Lakini Titan Z? Titan Black, kadi yenye chipu hiyo hiyo lakini moja, mbili zilikuwa dola 1,998, na zilikimbia kuliko Titan Z, kwa sababu chipu za Titan Z zilipunguzwa kasi ili kadi isivuke wati 375. Yaani unaongeza dola elfu moja ili upate kazi pungufu. Hiyo elfu moja ni bei ya sifa, na sifa hailipi kodi ya fremu.

Nitakuwa mkweli: GTX 690 ya NVIDIA ya mwaka 2012, nayo ya chipu mbili, iliuzwa dola 999, wakati GTX 680 mbili, za chipu hiyo hiyo moja moja, zilikuwa 998, tena ilikula wati 300 badala ya 390. Hiyo bei yake ilieleweka. Nyingine nilizozipigia hesabu, hapana.

Na hata ukilipa, hupati mbili kamili. Boksi la 295X2 limeandikwa memori GB 8, lakini kila chipu ina GB 4 zake na zote mbili zinabeba vitu vilevile, kwa hiyo gemu linaona 4. Kwenye gemu chipu zinapokezana fremu, yaani picha moja moja zinazofuatana kwenye skrini, hii inachora ya kwanza, ile ya pili, na zikipishana muda namba ya fremu inabaki kubwa huku jicho linaona picha inakwamakwama. Gemu lisipotengenezwa kwa chipu mbili, moja inalala tu. Anayefaidi kweli ni wa kurenda 3D, yaani kutengeneza picha za katuni au majengo kwa kompyuta, maana huko kila chipu inapewa kipande chake cha kazi. Wewe unaediti harusi.

Halafu umeme. 295X2 inakula wati 500; kwa saa 10 ni uniti 5 za LUKU, za kadi peke yake. Na Desemba ya huku, joto la pwani na hewa ya chumvi, ukiwasha kitu kama hicho chumbani unatoka mwenyewe.

Nilimweleza mwenzangu yote haya. Alinicheka mbele ya wateja. Akasema nitazeeka nikipiga picha za paspoti. Akachukua sehemu yake ya hela, akaenda kununua anachotaka, na wateja wetu wakubwa akaondoka nao. Sijasahau.

Mimi nikasubiri. Septemba mwaka huohuo 295X2 ikashushwa hadi dola 999, na mwezi uleule ikatoka GTX 970, chipu moja, wati 145, dola 329. Nikachukua hiyo. Hela iliyobaki nikaweka kwenye UPS, memori na lenzi. Usiku wa harusi moja ya Mikindani mama mzaa bibi harusi alikaa pembeni yangu na kanga yake begani, anataka aione video mwanawe akitunzwa kabla basi la Newala halijaondoka alfajiri. Ikatoka. DVD niliyomkabidhi ilikuwa bado ya moto. Yule mama ndiye aliyeniletea nusu ya wateja nilio nao leo.

Vijana, acheni kununua kitu siku ya kwanza. Siku ya kwanza unalipia haraka yako. Subirini, pigeni hesabu, subirini tena. Mteja haulizi una chipu ngapi, anauliza video yake iko wapi.

Mdogo wangu, hiyo ya Kariakoo hata kwa robo iache. AMD waliacha kutoa draiva (programu za kuendeshea kadi) za kawaida za kizazi hicho mwaka 2021, na pawa saplai ya kuibeba itakula sehemu kubwa ya hela ya mzee. Muulize huyo jamaa ana kadi gani za chipu moja, GB 8 kwenda juu, uniandikie majina na bei zake. Nitakujibu kabla ya Ijumaa.