Mjomba, kuhusu huyo mbwa

Asalaam aleikum nyote, na shikamoo Mjomba.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Baada ya kuona picha aliyotuma binti yangu umeuliza mawili: mbwa anafanya nini ndani ya nyumba ya mtoto uliyempeleka chuoni kusoma Kurani kwa mkono wako, na hela za kumlisha zinatoka wapi wakati paa la Bibi linavuja. Vijana wakaongeza lao, eti ni kweli mbwa wa huku Ujerumani wana bima? Leo Jumapili sina kazi, mvua inanyesha, na mwenyewe amelala mlangoni. Nijibu.

Nianze na hela, maana najua ndiyo iliyouma. Chakula cha mbwa huyu, chanjo zake, daktari wake, hata kamba ya shingoni, vyote analipiwa na shule inayommiliki. Shule hiyo nitaieleza. Hela ya paa haikuliwa na mbwa, Mjomba. Imeliwa na pango la nyumba na gharama za kupasha nyumba joto, zilizopanda kuliko nilivyopanga, nami niliona aibu kusema, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokosea. Nusu ya mabati nitatuma Januari, inshaallah, nusu iliyobaki kabla ya masika.

Na bima, ndiyo, wanazo. Hapa Berlin sheria inataka kila mbwa akatiwe bima, ili akimwangusha mtu wa baiskeli au akimng'ata mtu, aliyeumia alipwe. Anatiwa chipu chini ya ngozi, anaandikishwa, na mwenye mbwa wa kawaida analipa kodi ya mbwa, euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza. Tangu 2022 nchi nzima ina kanuni kwamba mbwa atolewe nje angalau mara mbili kwa siku, jumla isipungue saa nzima. Msicheke. Mie mwanzoni nilicheka, sasa naona ni kanuni nzuri, kwani mnyama aliyefungiwa ghorofani hana uwanja wa kuzurura kama wa kwetu.

Sasa mbwa mwenyewe. Anaitwa Bruno. Ni Labrador, na ndugu zake wote wa uzao mmoja majina yao yanaanza na B, ndivyo shule inavyowahesabu. Nilimpokea mwisho wa Agosti akiwa na wiki tisa, namkalisha na kumzoesha mji mpaka apite mwaka mmoja, kisha anarudi shuleni kufundishwa kuongoza vipofu. Kwa hiyo si wangu. Akihitimu atavalishwa mshikio mweupe na kupewa mtu asiyeona, na huku bima ya afya ndiyo inayomlipia kipofu mbwa huyo, ingawa bei yake inafika makumi ya maelfu ya euro.

Sasa hivi ana miezi mitano kasoro. Walimu wake wamekataza asipande wala kushuka ngazi nyingi kabla viungo havijakomaa. Sisi tunakaa ghorofa ya nne na lifti hakuna. Agosti nilimbeba kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni. Wiki hii kwenye mizani amefika kilo 17, karibu ndoo kubwa ya maji, naye hatulii kama maji ya ndooni. Nambeba asubuhi, mchana, jioni, na kabla ya kulala. Septemba nilimteremsha hata saa nane za usiku, kwa sababu mtoto wa mbwa haja haimngoji.

Huku mwezi wa kumi saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja, na yeye hakuambiwa. Aliyekuwa akiamka saa kumi na mbili sasa analia mlangoni saa kumi na moja. Nimeacha kulalamika, maana inanikuta macho kabla ya alfajiri, na mnajua nilivyokuwa mzito wa swala hiyo. Lakini magharibi, Mjomba, inaingia saa kumi na robo! Kwenu saa kumi na robo watu wanatafuta kivuli. Mimi hapo namvalisha Bruno ukosi wenye taa nyekundu, ili baiskeli zimwone, tunatembea gizani kwenye majani yaliyooza.

Majani haya mkiyaona kwenye picha ni mazuri, manjano na mekundu. Chini yake ndiko kwenye hatari. Kuna mti unadondosha mbegu kubwa za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, watoto wanaziokota kuchezea. Mbwa akiimeza inaweza kumziba utumbo, apasuliwe au afe. Barabara yetu ina miti hiyo upande mzima. Bruno anabadilisha meno, kila kitu anataka kukitafuna, kwa hiyo Oktoba nzima nilitembea nimeinama, vidole vyangu viwili mdomoni mwake. Mbegu, mifupa ya kuku, mikate iliyotupwa, kitambaa. Jino lake moja la utoto nililikuta kwenye zulia, dogo kama punje ya mchele, binti yangu amelihifadhi kwenye kibweta chake. Kumpoza ufizi nalowesha kitambaa, nakigandisha kwenye friza, kisha nampa atafune. Kazini analala chini ya meza ya cherehani yangu, na mwenye karakana, Mungu amjalie, alikubali kwa sharti moja: pini zote ziwe na kopo lake. Siku mbili za kwanza nilipekua sakafu kwa sumaku.

Kuhusu swala sitakuficha. Kwa madhehebu yetu kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, unyevu ndio unaohamisha. Laiti ingekuwa kiangazi, jambo lingekuwa jepesi. Lakini tangu mwezi wa kumi hapa hakuna kilicho kikavu. Anaingia manyoya yanachuruzika, anajikung'uta ukumbini, ananilamba mikono. Basi nimegawa nyumba. Ukumbini na jikoni ni kwake, chumba cha ndani kina kigeti cha mbao na hajawahi kuvuka, huko ndiko kwenye mswala na nguo za kuswalia. Suruali na koti la kumtembezea vinaning'inia peke yake. Bafuni nina kopo la udongo safi, na akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Mikono inapasuka kwa baridi. Kuna siku nimechoka hivyo nikalia hapo hapo kwenye karai.

Na mtaani si wote wanaompenda. Hapa Neukölln, mtaa wetu wa Berlin, majirani wengi ni Waturuki na Waarabu, na nikimpeleka soko la Maybachufer siku ya Ijumaa, azoee makelele na harufu ya samaki bila kurukia meza, naona kina mama wakikusanya nguo zao. Nawaelewa mpaka ndani ya mifupa, ndivyo nami nilivyokuwa. Namvuta kamba fupi, napita upande wa ukuta. Mama mmoja mwenye ushungi aliniuliza kwa hasira kidogo, na wewe? Nikamweleza ni wa kipofu. Akakaa kimya, kisha akasema kaka yake aliyeko Adana, Uturuki, haoni. Tangu siku hiyo tunasalimiana. Mjue, katika miaka saba ya jengo hili watu walionijua walikuwa watatu.

Lakini hukuniuliza kwa nini nilikubali, Mjomba, na hilo ndilo nililotaka kukwambia.

Unamkumbuka Babu, baba yako, presha ya macho ilipomaliza kumfunga macho. Mimi nilikuwa na miaka minane. Yeye alishika kishikio cha fimbo, mimi ncha, tukatoka hivyo Ngamiani, pale Tanga, mpaka soko la Mgandini, mpaka msikitini, mpaka kwa wazee wenzake. Miaka mitatu. Nilijua kila shimo la mtaa wetu. Na unakumbuka siku ya mtaro. Watu walisema Babu alikuwa mkaidi, ametoka peke yake. Si kweli. Nilimwacha kibarazani nikakimbilia kucheza rede, nikamwambia narudi sasa hivi. Adhana ya alasiri ikaita, akaningoja, akaniita, kisha akaenda. Wewe ndiye uliyemtoa mtaroni, kanzu yake imejaa tope, na yeye hakunitaja. Hakunitaja mpaka amekufa.

Mwanamke wa shule alipokuja kuikagua nyumba yangu, alinisimulia kwamba shule ya kwanza ya mbwa hawa duniani ilifunguliwa Oldenburg, hapa hapa Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka vitani, na nyingine ikafuata Potsdam, jirani na Berlin, mwaka 1923. Nikamwambia mwaka huo wa 1916 ndio Wajerumani waliondoka Tanga, Waingereza wakaingia. Yeye hilo hakulijua. Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine: kwamba ilikuwepo kazi hii, yenye walimu na mishahara, na kwetu ilifanywa na mtoto wa miaka minane aliyetamani kucheza. Nikasaini siku ile ile.

Ukisema bado ni makosa nitakusikiliza, wewe ni mlezi wangu. Mimi nimekumbuka vijana wa pangoni wanaotajwa kwenye Kurani na mbwa wao, amenyoosha miguu kizingitini, na ndivyo huyu alivyolala sasa ninapokuandikia.

Tunalomfundisha kwa umri huu ni dogo: kusimama. Kila tunapofika ukingoni, kabla ya kukanyaga barabara, nasimama, namngoja asimame, namsifu kwa Kijerumani kwa sababu ndiyo lugha atakayofanyia kazi. Mara mia, mara mia mbili. Juzi jioni tulikuwa tunarudi kutoka karakana, giza, manyunyu, majani yamefunika ukingo wote na barabara imekuwa kitu kimoja na njia. Nilikuwa nawaza paa la Bibi, sikuuona ukingo. Kamba ikanivuta nyuma. Bruno alikuwa amesimama, maji yanamtiririka masikioni, ananitazama.